Viganja vya Mbeba Makala

Tangu nichaguliwe kuongoza chama cha baiskeli cha mkoa wetu, sijamwamini mshindi hata mmoja. Kwenye kilima cha mwisho kabla ya kuingia Lubumbashi, kamyo za madini, yale malori mazito, hupanda polepole, na mwendesha baiskeli mwenye hila huishika moja imvute mpaka juu. Kwa hiyo, kabla ya kutoa kombe, mimi hukagua viganja kutafuta masizi ya kamyo.

Mwaka jana alitangulia mbeba makala mmoja wa mtaa wa Kampemba, mmoja wa wale wanaosafirisha magunia ya makaa kwa baiskeli. Nikamwambia afungue mikono. Viganja vyote viwili vilikuwa vyeusi tii.

"Ulishika kamyo."

"Hapana, papa prezida. Hii njo makala. Kila siku minabebaka makala na hii kinga," akajibu akigonga usukani wa baiskeli yake.

"Unaniona mie mutoto?"

Nikamfuta kwenye mashindano mbele ya watu wote. Kombe nikampa wa pili, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa na viganja safi kama vya padri. Watu wakanung'unika, nikawakazia macho.

Kesho yake nilimkuta dada yangu ameinamia beseni, anafua glavu za baiskeli nilizomnunulia mwanawe.

"Yaya," akaniita mimi kaka yake, "hii masizi haitoke. Nitie sabuni gani?"

Glavu ya kulia ilikuwa safi. Ya kushoto ilikuwa nyeusi tii. Huku kwetu kamyo hutupita upande wa kushoto, na anayeishika huishika kwa mkono mmoja tu. Nalijua hilo vizuri, maana ndivyo nilivyopata kombe langu la kwanza.