Matone ya Gundi kwenye Kibodi ya Roelof

Harmen Dijkema wa mjini Assen alikuwa fundi wa mashine za ofisini mpaka alipostaafu, na hata baada ya hapo mikono yake ilikataa kukaa bure. Akawa ananunua kibodi za zamani, zile nzito zenye springi chini ya kila kitufe, ambazo ukizipiga zinalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Anazifungua, anatia skrubu ndogondogo pale plastiki ilipokatika, kisha anaunga waya kwenye kidude cha kutafsiri, na kibodi ya miaka ya themanini inaelewana na kompyuta ya leo.

Lakini kazi aliyoipenda hasa ilikuwa kung'arisha. Plastiki ya zamani hugeuka manjano, basi yeye huipaka dawa ya saluni, ile ya kupausha nywele, na kuianika juani. Jua la kwao si la kutegemea, kwa hiyo mkewe Wietske alishazoea kukuta dirisha la sebule limejaa vitufe badala ya maua.

Siku moja jirani yao Aaltje, mjane, akaja amekumbatia kibodi.

"Ya marehemu Roelof. Nataka ikubali kompyuta yangu mpya. Hilo tu, Harmen."

"Hilo tu."

"Usiniongezee lako."

"Mimi tena!"

Kuifungua, akakuta baadhi ya vitufe vina matone makavu ya gundi. Akacheka peke yake: huyu Roelof, kumbe alikuwa mchafu hivi! Akayakwangua kwa wembe. Na kwa kuwa alishaanza, akaing'arisha yote.

Kabla ya kuirudisha akapita nayo kwenye mkutano wa wapenzi wa kibodi, ukumbi wa nyuma ya maktaba. Wakaigeuzageuza.

"Hii umeitoa kwenye boksi leo, mzee?" akauliza Sjoerd, ambaye si mtu wa kusifu.

"Imepita mikononi mwangu tu," akajibu Harmen, kifua mbele.

Jumapili Aaltje akaja kuichukua. Wietske akamimina kahawa. Aaltje akaweka vidole juu ya vitufe, akavipitisha, akavirudisha tena toka mwanzo.

"Imekwenda wapi gundi?"

"Ule uchafu? Nimekukwangulia wote."

"Niliitia mimi. Macho ya Roelof yalipoanza kumwacha, tulikaa tukachagua herufi za kuwekea alama."

Wietske akaweka birika chini. "Harmen, si ungemuuliza kwanza?"

"Lakini," ulimi wa Harmen ukamponyoka, "Roelof si hayupo tena?"

"Roelof hayupo. Sasa ni macho yangu."

Hapo ndipo Harmen alipoona kwamba Aaltje anamtazama kwa upande, kama anayemtafuta. Miezi yote ile, alipopitwa ngazini bila salamu, alisema moyoni kwamba mwanamke huyu siku hizi anaringa. Uso ukamwaka mpaka masikioni. Akakumbuka na kile kifua alichokitoa ukumbini.

"Nisamehe, Aaltje."

"Gundi unayo?"

Akaileta mbio. "Nionyeshe alama zilipokuwa."

"E. Ile nakumbuka. Na N." Vidole vyake vikatangatanga. "A. Nyingine nilitegemea kuzipapasa ndipo nizijue."

Harmen akainama akitafuta japo doa. Hakuna. Alikuwa ameifanya kazi yake vizuri mno.

"Tuchague upya, mimi na wewe?" akasema kwa sauti ndogo.

"Hapana. Weka hizo tatu. Nyingine nitahangaika nazo mwenyewe."

Akaweka. Tone la tatu likamwagikia ukingoni mwa kitufe, na bila kufikiri akanyoosha mkono kuchukua kitambaa.

"Acha!" Aaltje alikuwa amesikia kitambaa kikiburuzwa mezani. "Usifute kitu."

Harmen akaibana mikono yake katikati ya magoti, wakakaa wote watatu wakingoja gundi ikauke.