Siku Tatu za Kulowesha Mtumbwi

Mwezi uliopita nilirudi Kalemela, nikakuta boti ya faiba imekaa juu ya tela, tela limefungwa nyuma ya gari, na geti la ufukweni linafunguliwa kwa heshima zote. Nilisimama barabarani na hasira niliyodhani nimeshaizika. Sikiliza nikuambie ilikotoka.

Bibi yangu alikuwa na mtumbwi wa mbao. Ulilala ziwani mwaka mzima, umefungwa kwenye kigingi katikati ya matete. Asubuhi tulishuka wawili, miguu ikizama kwenye tope la baridi. "Mwangaluka," aliusalimu, kama mtu wa rika lake, kisha akanituma nikumbe maji yaliyoingia. Ulinuka lami, dagaa na moshi. Kila baada ya mavuno alichagua pamba safi ya shambani kwetu, akaisokota, akaishindilia kwenye maungio. "Pamba peke yake haitoshi," aliniambia. "Mbao lazima zinywe maji ndipo zishikane."

Ikaja miaka ya soko huria. Malori ya barafu yalifuata sangara, na mfanyabiashara mmoja wa minofu akapewa ufukwe wetu. Seng'enge ikasimama. Mchana tuliruhusiwa kupita, jioni kila chombo kiondoke. Mkutanoni ofisa alisema hayo ndiyo maendeleo, na wakubwa wetu wakapiga makofi. Makofi yale sijayasamehe.

Bibi alikuwa amesafiri kwenda Dutwa, akimuuguza mama mdogo. Mjomba akaazima mkokoteni wa ng'ombe wa jirani, ule wa kubebea pamba, akaupakia mtumbwi, akauleta hadi uani. Sisi watoto tulikimbia nyuma tukishangilia. Mjomba alikuwa mkulima wa pamba tangu utoto. Adui yake alikuwa unyevu. Akauinua mtumbwi juu ya matofali, akaufunika turubai mvua isiuguse. Kila jioni aliupapasa. "Mkavu kabisa! Mama atafurahi."

Bibi aliporudi, wiki sita baadaye, alifunua turubai, akainama akachungulia. Jua lilipita katikati ya mbao.

"Mwanangu, umeanika mtumbwi kama pamba?"

Mjomba akacheka, kisha akaacha.

Tiba ilikuwa moja: uzamishwe kwenye maji mafupi siku tatu, mchana na usiku, mbao zivimbe. Bibi akaenda getini, nami nimeshika khanga yake. Alipiga magoti. "Siku tatu tu, baba." Mlinzi, kijana aliyekula dagaa wake tangu anatambaa, alitazama pembeni.

"Mayu, chombo hakilali hapa. Ni amri."

Basi tukaujaza uani kwa maji ya kisima. Ilikuwa kiangazi. Nilichota mpaka ndoo ikaanza kuja na tope. Maji yalitoka yote kwenye nyufa, kuku wakaja kunywa. Siku ya nne bibi alichukua shoka, akakataa kusaidiwa. Tulipikia ugali mbao zile. Jiko zima likanuka ziwa. Hakuvua tena mpaka tukamzika.

Siku ile ya mwezi uliopita matete yalikuwa yamefyekwa na kigingi sikukiona. Boti ilishushwa majini taratibu kutoka kwenye tela lake, kisha mlinzi, kijana mwingine, akaniuliza nina shida gani.

"Nimefuata siku tatu za bibi yangu," nikamwambia.

Akafungua daftari lake la wageni, akashika kalamu, akaniuliza jina la huyo mgeni.