Mafuta ya Kunusa

Harufu ya mkaratusi ikinikuta njiani, hata kama ni Jumanne na natoka shule, kwangu huwa ni Jumapili, saa kumi kasoro robo alasiri. Saa naijua kwa sababu redio ya baba ilikuwa imetoka kuitangaza. Ndipo ilipoanza.

Watu wengi wanaipenda harufu hiyo. Hapa Muyinga, nyuma ya nyumba yetu, mjomba Issa anachemsha majani ya mkaratusi ndani ya pipa. Mvuke unapita kwenye bomba lililolazwa katika maji baridi, na upande wa pili yanadondoka maji yenye utando wa mafuta juu yake. Utando huo anaukusanya polepole, anautia kwenye vichupa. Wateja wanakuja na makamasi yao, mama anawaeleza namna ya kujifukiza, wanaondoka wakicheka. Mimi nikisikia wamefika naingia ndani na kitabu changu. Kwanza nina haya. Watu wakinitazama hata jina langu linanipotea. Pili ni hasira. Nyinyi mnaosoma naweza kuwaambia: mi bado nina hasira, na sitajifanya imekwisha ili hadithi ipendeze.

Kwa baba ni Gitega, juu huko Bugendana. Nilikaa huko mpaka nilipofika miaka tisa. Bibi, mama yake baba, alikuwa na nyumba yake, sisi ya kwetu ilitazamana nayo, na katikati kulikuwa na ua uliofagiliwa mpaka ukang'aa. Kwa Bibi alilala pia shangazi Konsolata, aliyekuwa amemwacha mumewe, au mumewe amemwacha, ilitegemea nani anasimulia. Kulima alilima, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kumchunguza mama.

Kosa la kwanza la mama lilikuwa kuzaliwa Muyinga, mtaa wa Waswahili, mtoto wa Waislamu wenye duka. Baba alimpata huko alipokwenda kuuza maharage. Mama akabatizwa ili aolewe, ila yale maji hayakumtoa doa machoni pa shangazi. Tukiongea Kiswahili mimi na mama, shangazi alielewa nusu, nusu iliyobaki akaitunga mwenyewe, halafu jioni akampelekea Bibi zote mbili. Na alikuwa na msemo wake, aliupenda kama wimbo: Mswahili akikuuzia chumvi, ilambe kwanza.

Mama hakuwa mtu wa kunyamaza. Siku moja, tukipeta maharage, alichoka na ule msemo akamjibu bila hata kuinua macho, "Wifi, mi nikitaka kukuroga naanza na ulimi. Huo ndio mrefu."

Tulicheka wote. Hata Bibi aliinamisha uso kwenye ungo. Shangazi hakucheka. Aliyaokota yale maneno akayaweka.

Kila mama alipotoka kuwaona ndugu zake Muyinga, alirudi na kichupa kimoja cha mafuta ya mjomba, kimefungwa kwenye pindo la kitenge. Miezi ya baridi alichemsha maji, akayamimina kwenye beseni, akadondosha matone mawili matatu. Unainama, unafumba macho, kitenge kinakufunika kichwa na beseni pamoja. Kwanza pua inawaka, machozi yanatoka, halafu kifua kinafunguka kama dirisha. Nilipapenda mahali pale. Kulikuwa na giza, joto na jani la mkaratusi, na humo ndani shangazi hakuwemo. Tone moja alilichanganya na mawese kiganjani, akanisugua mgongo. Jingine alilitia kwenye maji ya kudekia, ili mbu waende kwa watu wengine. Lakini kichupa chenyewe kilikaa juu kabisa, kwenye boriti, na kila alipokirudisha alisema neno lile lile, kwangu na kwa baba: "Iko ya kunusa. Haiko ya kunywa."

Mwaka nilipotimiza miaka tisa vumbi la Julai lilimkamata Bibi. Kifua chake tulikisikia kutoka upande wetu wa ua, kama mtu anayekokota gunia kwenye changarawe. Zahanati hakutaka, alisema ile ni ya wajawazito. Mama alivumilia siku kadhaa, kisha akamwambia baba kwamba atamfukiza mabukwe, yaani mama mkwe wake. Baba akamuuliza tangu lini wamekuwa marafiki. Mama akasema si urafiki, amechoka tu kumsikia.

Ndiyo ile Jumapili. Watu walikuwa wametoka kanisani, majirani wamekaa uani kwetu na pombe ya ndizi. Shangazi ndiye aliyegawa, na kila kibuyu alikionja yeye mwenyewe kabla ya kukitoa. Kwetu ndivyo ilivyo. Anayekupa kinywaji hutangulia kunywa, wenyewe wanaita gusogongera. Ni adabu, lakini pia ni kiapo: kama ni kufa, tufe wote.

Redio ikataja saa, mama akatoka na beseni linalofuka mvuke, kitenge begani. Aliliweka mbele ya Bibi, akadondosha matone yake watu wote wakiona, akamwomba ainame.

Bibi alilitazama beseni. Kisha akasema, "Onja kwanza."

Mama akaeleza kwamba hii ni dawa ya pua. Akainama yeye mwenyewe, akavuta ule mvuke mara nyingi, akainuka uso umelowa. Bibi akatikisa kichwa. Shangazi akakinyanyua kichupa, akakigeuza kwenye jua, akasema maji hayana neno, aonje kilichomo humu. Mama akarudia ile sentensi yake, iko ya kunusa, haiko ya kunywa, na safari hii sauti ilipanda.

"Mmesikia?" shangazi akawageukia majirani. "Cha kwake mwenyewe anakiogopa." Akawasimulia siku ya maharage: alivyoapa mama, kwa kinywa chake, kwamba ataroga, na ataanza na ulimi. Mzee mmoja akaweka kibuyu chake chini, akakifunika kwa kiganja. Hapo ndipo nilipoogopa. Kile kiganja kilisema zaidi ya shangazi.

Mama akamtazama baba. Baba alikuwa ameinamia redio, anazungusha kitufe kana kwamba kuna stesheni imempotea. Hakuinua uso.

"Mama Nadia," akasema, "onja basi, yaishe."

Mama akajaza kifuniko cha kile kichupa, akanywa.

Kwa kitambo kidogo hakikutokea kitu. Kisha akashika koo. Akakimbilia migombani, tukamsikia anatapika. Aliporudi alitembea kama mlevi, akajaribu kusema, na maneno yakatoka mazito, yamevimba, yanagongana mdomoni. Shangazi hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa upole ambao sijamsamehe mpaka leo, "Mnauona ulimi?"

Baba akampakia kwenye baiskeli, akampeleka zahanati. Nilikatazwa kufuata. Nikakaa kizingitini, na mbele yangu, bila kunong'ona, Bibi, shangazi na majirani wakakata shauri. Mrozi, yaani mchawi, halali katika boma hili zaidi ya usiku mmoja. Atarudi kwao Muyinga asubuhi. Mtoto atabaki, mtoto ni wa boma. Mtoto alikuwa mimi, ameketi hapo hapo, na hakuna aliyenitazama.

Beseni lilibaki katikati ya ua, hakuna aliyethubutu kulimwaga. Maji yakapoa. Akaja kuku, mtetea mwekundu wa shangazi, akanywa, akainua kichwa, akanywa tena. Nikamkazia macho nikimngojea aanguke. Hakuanguka. Alijikung'uta akaenda zake kuchakura. Nilitaka kuwaambia, tazameni kuku. Badala yake nikavuta miguu ndani ya kizingiti.

Jua lilipokuwa linazama mama akarudi kwa miguu yake, mweupe kama jivu, kila akipumua unasikia mkaratusi.

Kwa muda mrefu niliamini mama alikunywa kwa sababu alikuwa na hakika hayatamdhuru. Nimeujua ukweli mwaka jana, kutoka kwa mjomba. Siku ya kwanza alipompa kichupa alimwonya: tone ni dawa, kijiko kinaweza kumlaza mtu mzima asiinuke. Mama alijua anachokunywa. Akikataa, ni mrozi. Akinywa, ni mrozi anayeumwa tumbo, lakini angalau mumewe ndiye aliyemwomba. Ile desturi ilitengenezwa kwa ajili ya pombe, haikuwa na nafasi ya kitu kinachoingilia puani, na mama alikuwa anajaribu kujipenyeza humo kwa nguvu.

Bibi naye, nadhani leo, hakuogopa kufa. Aliogopa kuinama, kichwa kimefunikwa, mbele ya mkamwana wake na majirani wanatazama. Naelewa. Kuelewa siyo kusamehe, na huko kwingine sijafika.

Ila nililochelewa kuliona kuliko yote ni la baba. Alikuwa amefukizwa kwenye beseni lile lile. Ile sentensi alikuwa ameisikia mara nyingi kama mimi, kila kichupa kiliporudi kwenye boriti. Miaka yote nilisema namchukia Bibi, na kila nilipoandika jina lake kalamu ilikuwa inataka kuandika jingine.

Kulipokucha nilifanya kama asubuhi zote: nikampelekea Bibi uji wake wa mtama. Mlango ulikuwa wazi. Uani baba alikuwa anafunga mzigo wa mama kwenye baiskeli, wateremke hadi Mutaho kutafuta gari. Shangazi aliegemea ukuta. Bibi akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akakinusa, akanirudishia.

"Onja," akasema.

Hakuwahi kuniambia hivyo. Mtoto haambiwi aonje. Nilisimama pale na kikombe cha moto, nikamtazama yeye, nikamtazama shangazi, na nikajua mimi tayari ni nani katika boma lile.

Nikaonja. Halafu sikukirudisha. Nikanywa tena, uji unaniunguza ulimi, nikaendelea mpaka nikafika kwenye mashapo ya chini, nikayanywa na yale. Nikakilaza kikombe mkekani, mdomo chini.

"Na mimi je?" Bibi akauliza. "Mimi ninywe nini?"

Nilitoka, nikapita mbele ya baba, nikashika pindo la kitenge cha mama.