Fundi Viatu na Wembe wa Baba Mkwe

Nimekalia benchi la fundi viatu wa mtaa wetu, barazani kwake, miaka mingi, mara nyingine nikiwa na kiatu cha kushonwa na mara nyingi sina, na sikuwahi kumwona akishindwa na kitu chenye makali. Kisu chake cha kukatia ngozi hukinoa kila asubuhi kwenye jiwe lililo chini ya meza, mara sita tu, halafu anakijaribu kwenye ukucha. Ni mtu mfupi, kifua kama mlango, na huanza kucheka kabla hajamaliza kichekesho, ukabaki hujui ulitakiwa ucheke wapi.

Basi wembe mmoja ukamkosesha raha wiki nzima.

Wembe wenyewe ulikuja na baba mkwe wake. Mzee huyu alikuwa karani maisha yake yote, na tunamwita Karani mpaka leo. Aliugua, akapona, lakini mkono wa kulia ukabaki unatetemeka, kwa hiyo bintiye, Mama Pacha, mkewe fundi, akamchukua akampa chumba cha mbele. Alikuja na sanduku, redio, na kijaluba cha mbao. Ndani ya kijaluba mna wembe wa kukunja wa mpini mweusi, na mkanda wa ngozi wa kuusugulia uwe laini kabla ya kunyoa.

Karani hajawahi kutoka nje na ndevu. Sasa mkono umekataa, na kinyozi wa kona ana mashine ya umeme tu, ambayo Karani alisema ni ya kufyekea uwanja. Akajifungia chumbani. Daktari alikuwa ameagiza atembee kila siku, la sivyo miguu nayo itaufuata mkono. Siku ya tisa mashavu yalikuwa meupe kama mto wa pamba uliopasuka, na mzee hasogei hata mlangoni.

"Baba Pacha, mnyoe baba," akasema Mama Pacha.

"Mimi?"

"Si ndiwe unayejisifu una mkono mwepesi?"

"Mkono mwepesi kwa viatu, mke wangu. Kiatu hakina koo."

Na kulikuwa na jambo jingine. Karani alimkataa fundi mara mbili alipokwenda kuposa, na mara ya tatu alikubali akitazama dirishani. Tangu hapo humsemesha kwa kupitia watu. "Mwambieni fundi anipishe," naye fundi amekaa pale pale. Mtu wa namna hiyo atakuachia koo lake?

Hata hivyo fundi akaanza. Akalitoa jiwe, akainua mgongo wa wembe kidogo kama anavyoinua kisu chake, akakandamiza, mara sita. Akaujaribu kwenye nywele za mkono wangu. Wembe ukapita, nywele zikalala, kisha zikainuka kama watu waliopitwa na gari.

"Labda nywele zako ni ngumu," akaniambia.

"Za uzee hizi. Hata upepo unazing'oa."

Akasema basi kilichobaki ni mkanda. Akaufunga kwenye mguu wa meza, akauvuta, akausukuma wembe makali yakiwa mbele, vile vile anavyosukuma kisu. Wembe uliokataa nywele zangu ukaingia kwenye mkanda vizuri sana, ukaukata mpaka karibu na ukingo.

Kutoka chumba cha mbele redio ikapunguzwa sauti.

Mtu mwingine angetafuta mkanda mwingine. Fundi viatu akatafuta sindano. Aliushona kwa uzi wa nta, kiraka chini, mishono midogo iliyopangana kama meno ya mtoto, na nakiri sijaona mshono mzuri kuliko ule. Siku tatu akausugua wembe juu yake. Kila ukifika kwenye mshono unaruka, tk, na kila ukiruka, makali yanaharibika upya. Mimi nikawa nimevaa mikono mirefu kwenye joto, naye akaanza kunitazama shavuni.

Siku ya nne mlango wa chumba cha mbele ukafunguliwa. Karani akatoka mpaka ukumbini, taulo imefungwa kuanzia puani hadi kifuani.

"Siku tatu nasikia tk," akasema ndani ya taulo. "Wembe hausemi tk. Leta."

Fundi akampa mkanda kwa mikono miwili. Karani akaupapasa, akaufikia mshono.

"Ngozi unayo dukani?"

"Ninayo, baba. Nzuri tu."

"Na bado ukashona kiraka?"

"Nilijua ni mkanda wako wa siku nyingi. Niliogopa kuutupa."

"Huu ni wa nne," akasema Karani. "Kata mwingine. Na jiwe lilete hapa."

Akakaa kitini, mkono mbovu ameukalia, akifundisha kwa mdomo. Wembe ulale kabisa juu ya jiwe, mgongo na makali viguse pamoja. Usikandamize. Kwenye jiwe makali yatangulie; kwenye mkanda mgongo utangulie, na ukifika mwisho uugeuze kwa kupitia mgongo, si makali. Fundi akawa anainua mgongo kwa mazoea. "Laza," anasema Karani. Anainua tena. "Laza. Hukati soli hapa." Kazi ilianza baada ya chai, ikaisha jua liko utosini, nami nilitoa nywele za mkono mzima. Mwishowe zilidondoka zenyewe, sikuhisi kitu.

Mama Pacha akapiga povu la sabuni. Karani akafungua taulo, akainua kidevu, akafumba macho. Fundi alifuta viganja kwenye suruali mara nne, akaanza kwenye shavu, akashuka. Alipofika kooni, pumzi zake zilisikika chumba kizima, za mzee hazikusikika kabisa.

Hakumkata. Karani akajioshea uso kwa mkono mzima, akaomba viatu, akatoka na fimbo mpaka mwisho wa barabara na kurudi, akisalimia watu wasiomjua. Kisha akaja kukaa nasi kwenye benchi, akijipapasa. Chini ya taya kidole kikasimama.

"Hapa umeacha."

"Niliogopa, baba."

"Hata mimi," akasema Karani. "Kesho uanzie hapo."