Shelisheli la Mama

Siku yangu ya kwanza kazini niliwekwa juu ya mbuzi. Vijana wa leo mnaosaga nazi kwa blenda huenda mkacheka, basi niwaeleze: mbuzi ni kile kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wa kukunia nazi. Jiko lilikuwa la hospitali, Wete. Mpishi Mkuu, bibi mnene mwenye sauti ndogo, alinipa nazi akasimama nyuma yangu. Nikakuna kwa kasi ili nionekane hodari.

"Wajua kukuna?" akauliza.

"Najua, bibi."

"Basi hujui. Ushafika kwenye ngozi nyeusi, tui halitakuwa jeupe. Ondoka nkuoneshe."

Kwake nilijifunza kasimile, yaani tui zito la mkamuo wa kwanza, lisilotiwa chunguni mpaka mwisho, na tui jepesi la kuivishia muhogo. Nilijifunza kupalia, yaani kuweka makaa juu ya kifuniko ili wali uive juu na chini. Mpaka leo nikiona nazi, kitu kigumu vile na manyoya yake, ikitoa maziwa meupe, husema Subhanallah. Wajukuu zangu hunicheka. "Bibi, nazi tu hiyo."

Niliingia kazi ile kwa sababu niliyomwambia mtu mmoja tu. Mama alifariki nikiwa mdogo, kwetu Ole, na katika mapishi yake yote moja halikunitoka: shelisheli la nazi na papa mkavu. Ni tunda kubwa la kijani linaloliwa kama muhogo, na Wapemba wote tunalipika. Tunalimenya, tunalikata vipande, tunalichemsha ndani ya tui. Lakini la mama lilikuwa na harufu nyingine ambayo sikuweza kuitaja, nami niliitamani kama mtu anavyotamani kumuona mama yake. Nilikumbuka pia amri yake: kipande cha mwisho hakiliwi. Husukumwa ukingoni mwa sahani, kimngoje baba arudi kutoka kwenye mikarafuu.

Mtu niliyemwambia ni kaka yangu, aliyeoa kisiwani Fundo akawa mvuvi huko. Yeye alikuwa mkubwa kidogo mama alipofariki, kwa hiyo ulimi wake ndio uliokuwa shahidi wangu. Jinsi lilivyopikwa hakujua, maana mtoto wa kiume alikuwa akifukuzwa jikoni. Shangazi naye aliniambia shelisheli ni shelisheli, nisijitie wazimu. Basi kila nilipodhani nimepata, nilivuka na bakuli. Kaka alikula taratibu, akanawa, akasema, "Tamu, ndugu yangu. Lakini silo." Sikuweza kumkasirikia. Nilijua naye alitamani liwe ndilo.

Kutoka hospitali nilihamishiwa dahalia, yaani bweni la skuli. Mwalimu Mkuu wa pale aliipenda nidhamu kuliko chumvi. Hapo nilijifunza kuupiga mwiko kwa mikono miwili, na kupika boko boko, ngano na nyama zinazopondwa pamoja mpaka huzijui ipi ni ipi. Shelisheli nalo sikuliacha. Nilijaribu changa, nikajaribu lililoiva sana, nikatia karafuu, nikatia ng'onda, samaki wa kupasuliwa na kuanikwa, badala ya papa. Wanafunzi walisifu. Nikivuka Fundo, jibu lilikuwa lile lile.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa nyumba ya wageni ya serikali, Chake. Msimamizi wa Nyumba alikuwa mtu mwema mwenye hofu nyingi. Aliamini mgeni akipewa chakula chetu ataona tumemdharau, kwa hiyo leo kuku na chipsi, kesho chipsi na kuku. Shelisheli tulikula sisi wafanyakazi, uani.

Mwaka wangu wa kustaafu alikuja mama mmoja mtu mzima, mtaalamu wa karafuu na viungo vingine vya chakula, kutoka kisiwa kimoja cha Karibiani, mbali kuliko ninavyoweza kufikiria. Mweusi kama mimi, na miwani yake. Siku ya pili kuku alirudi jikoni hakuguswa, na mgeni mwenyewe akamfuata nyuma. Alinikuta uani nimeshika kisu, nataka kumenya shelisheli la wafanyakazi. Alipoliona akaweka mkono kifuani, akasema maneno ya Kiingereza. Msimamizi, aliyekuja mbio nyuma yake, akanifasiria.

"Anasema usilimenye."

Akalichukua mikononi mwangu, akachutama penye moto wa makumbi ya nazi, akaliweka juu ya makaa zima zima na ganda lake. Akawa analigeuza kidogo kidogo. Ganda likawa jeusi, nami nikasikitika kimoyomoyo kwamba chakula cha watu kimeungua. Kisha mvuke mwembamba ukatoka kwenye kikonyo, na harufu ikaja nao.

Nilikaa chini, mtu mzima, mbele ya mkubwa wangu wa kazi, nikalia. Lilikuwa jiko la mama.

Mgeni akakaa chini nami. Kwa ulimi wa Msimamizi alinieleza kwamba ndivyo alivyokuwa akipika bibi yake: unalichoma kwanza, unalimenya baadaye, kisha unalitia kwenye tui pamoja na samaki wa chumvi, hulikorogi, mpaka tui likauke yabaki mafuta yake. Nikamuuliza bibi yake alifunzwa na nani. Akasema, na mama yake. Mama yangu hakupata kuvuka hata kwenda Unguja. Ni nani basi aliyewafunza wanawake wale wawili moto mmoja? Sijui, na sioni haya kusema sijui.

Nimestaafu sasa, na vijana huja kuniuliza siri ya upishi. Huwajibu kwa utani: chomeni kwanza. Ila nikitaka kujua kama kazi yangu ilikuwa na maana, huikumbuka siku niliyovuka Fundo na bakuli la mwisho.

Kaka alikuwa keshazeeka, macho hayaoni vizuri. Sikumwambia kitu. Alitia tonge mdomoni, akaacha kutafuna. Nikalingoja lile neno lake, halikuja. Akaendelea kula, kichwa amekiinamisha. Sahani ilipokaribia kwisha, vidole vyake vikakisukuma kipande cha mwisho mpaka ukingoni, vikakiacha hapo.

Baba alifariki zamani. Tulikaa, mimi na kaka yangu, na hakuna aliyekigusa.