Pasi Ndani ya Debe la Unga

Nina tabia moja ambayo hata wanaonipenda wanaichoka: mtu akinitabasamia kabla sijamfanyia jambo lolote, najiuliza anataka nini. Sikuzaliwa hivyo. Doha ndiyo iliyonifunza, miaka ya elfu mbili mwanzoni, siku niliyofika kufanya kazi za ndani. Bibi wa nyumba alinipa maji baridi, akaniita binti yangu, kisha akasema, "Lete pasi yako ya kusafiria nikuwekee, kesho nitakurudishia." Kesho hiyo ilichukua zaidi ya miaka miwili. Mama yangu alizikwa Tanga mimi nikiwa jikoni kwa yule bibi nakaanga sambusa.

Baada ya hapo nikawa mjanja kama wenzangu. Ijumaa tulipopata nafasi ya kukutana, wanawake wa Tanga, Unguja na Mombasa, mazungumzo yetu hayakuchelewa kufika kwenye swali lile lile: yako umeificha wapi? Mmoja aliishonea ndani ya mto. Mwingine aliitia kwenye pakiti ya pedi, akisema hakuna mwanamume atakayepekua humo. Mimi nilipohamia nyumba nyingine kule Muaither, kumpikia bibi mmoja mzee na binti yake, yangu niliifunga kwenye mfuko wa plastiki nikaizamisha ndani ya debe la unga wa chapati. Debe lile hakuna aliyeligusa ila mimi.

Kwa hiyo shoga yangu mmoja aliponiletea pasi ya binti yake nimfichie, nilimwona ana akili. Mumewe alikuwa dereva, na ukaazi wa mke na mtoto uliandikwa chini ya jina lake. Alipofariki, ukaazi nao ukakatika. Shoga yangu hakurudi nyumbani, maana binti alikuwa kazaliwa pale pale Doha na alikuwa anasoma vizuri mno. Wakahamia Umm Salal, kwenye chumba kilichogawanywa kwa mbao ndani ya jumba chakavu. Mama akawa anasafisha fleti za watu kule The Pearl kwa saa. Mwenye kupangisha vile vyumba alianza kudai pasi za wapangaji azishike kama rehani. Ndipo ya binti ikaja kwangu, ikazama kwenye unga pamoja na yangu.

Yule binti aliniita mama mdogo. Alisoma shule ndogo ambayo mwalimu mkuu wake alijua mambo yote na hakuuliza lolote. Alipomaliza akiwa na miaka kumi na minane, matokeo yake yalikuwa mazuri hata mimi, nisiyejua kemia ni nini, nililia. Alitaka kusomea ufamasia. Lakini kila chuo kilitaka kitu kimoja kwanza: bataka, yaani kitambulisho cha ukaazi. Bila bataka hakuna chuo, na wenye bataka ni wale wenye mtu wa kuwadhamini. Mtoto aliyezaliwa mji ule, anayeongea Kiarabu cha pale vizuri kuliko hata watoto wa jirani, hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba anaishi pale kihalali.

Uchungu ule ulinipa ujasiri ambao sikujua ninao. Binti wa yule bibi mzee, niliyemwita bibi mdogo, alikuwa anafanya kazi chuoni, upande wa kusajili wanafunzi. Siku moja nikampelekea chai, nikasimama pale pale na sinia mkononi, nikamweleza. Tuliongea Kiarabu changu cha jikoni, ambacho hakina adabu nyingi, lakini nilisema yote. Nilisema mtoto hana kosa. Nilisema kama ni kosa, ni la sisi wakubwa tuliomzaa na kumlea bila karatasi, na mtoto haadhibiwi kwa kufiwa na baba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu.

"Njia ipo," akasema. "Chuo chenyewe kinaweza kumdhamini, apate ukaazi wa mwanafunzi. Kwanza tumwombee asamehewe muda aliokaa bila karatasi. Nitakwenda naye mimi mwenyewe. Ila niletee pasi yenyewe, kopi haitoshi. Iwe kabla ya mwezi huu kwisha."

Mimi ndiye niliyeomba. Na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutoamini. Sauti ilikuwa tamu ile ile ya bibi wa maji baridi, na neno lilikuwa lile lile: lete. Machale yakanicheza.

Kuanzia siku ile nikawa nachunguza kila kitu. Aliniuliza kama mtoto ana afya njema, kama ana kifua, kama amewahi kuugua sana. Afya ya nini, kama ni kwenda kusoma? Siku mbili baadaye kile chumba kidogo kando ya changu, kilichokuwa stoo ya mazulia, kikafagiwa, kikaletewa godoro jipya na kabati. Wakati huo huo bibi mzee alikuwa hawezi tena kuinuka mwenyewe, na msichana wa kumhudumia alikuwa karudi kwao Manila. Nikajumlisha. Nikaona wazi, wanataka kumwandikisha binti wa shoga yangu kazi za ndani. Chuo ni danganya toto. Wakishapata pasi, atalala kwenye lile godoro, atamwinua bibi asubuhi na jioni, na kemia yake itaishia kwenye sabuni ya kufulia.

Nikampigia shoga yangu. "Usitoe neno," nikamwambia. "Nimeona dalili. Acha nimpige chenga kidogo nijue anataka nini."

"Shoga, wewe ndiye unayewajua," akajibu. "Mimi nimekuachia."

Yule bibi mdogo alipouliza tena, nikamtazama usoni nikasema, "Imepotea."

Nilitegemea akasirike, nijue nimemnasa. Hakukasirika. Alishika kichwa tu, akasema masikini, na mwezi unakwisha. Hilo nalo nikalitilia shaka.

Jioni yake binti mwenyewe akanipigia.

"Shikamoo mama mdogo. Yule ustadha wa chuoni uliyempa namba yangu kanipigia simu, eti pasi yangu imepotea. Wallahi ni kweli? Si ulikuwa nayo wewe?"

Ningeweza kumwambia ukweli. Lakini niliogopa ataropoka, watoto hawana siri, na uongo ukishaanza unataka usemwe vile vile kwa kila mtu, hata kwa mama yake. "Imepotea, mwanangu," nikasema. "Tuliza moyo, mama mdogo anaitafuta." Akanishukuru. Alinishukuru!

Siku ya tatu nilikuwa nakanda unga. Bibi mdogo akaingia jikoni na abaya yake bado imejaa vumbi la nje, uso umechoka lakini ana furaha. Akaweka karatasi juu ya meza, mbali kidogo na maji. Tangu asubuhi alikuwa na binti polisi. Alimfuata Umm Salal kwa gari lake mwenyewe, mama yake akiwa kazini na simu imezimwa. Akasimama mbele ya dawati kama mdhamini wake, akatoa kitambulisho chake mwenyewe, ili mtoto asikamatwe kwa kuwa hana ukaazi. Wamepokea taarifa ya kupotea kwa pasi. Binti ametia sahihi. Kutoka hapo wamekwenda ubalozini, pasi ya zamani imefutwa, sasa wataomba mpya.

"Na kile chumba nimekiweka tayari," akaendelea. "Fomu inataka anuani ya nyumba inayotambulika. Kule wanakokaa hakukubaliki. Wakija kukagua, waone godoro na kabati lake. Si lazima alale hapa. Na nilikuuliza afya yake kwa sababu ya vipimo, kila anayeomba ukaazi anapimwa kifua."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya unga na sikuweza kuitoa. Nilitamani anitukane. Hatimaye nikaenda kwenye debe, nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, nikatoa mfuko, nikaufungua mbele yake. Pasi zilikuwa mbili, safi kabisa. Nikamwekea ya binti juu ya ile karatasi ya polisi.

Aliichukua. Akafungua ukurasa wa picha, akafunga.

"Ilikuwa humu ndani?" akauliza. "Ndani ya nyumba yangu?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nikamweleza kuhusu maji baridi, kuhusu ile kesho ya miaka miwili, kuhusu mama yangu. Kiarabu cha jikoni hakikutosha, nikalia badala yake. Yeye hakulia. Alisema tu, "Mimi sikuwa yule," akachukua karatasi yake akatoka.

Pasi iliyofutwa haifufuki. Mpya ilihitaji vyeti vya baba vitafutwe Tanzania, na vikafika chuo kikiwa kimeshaanza masomo. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Mwaka mzima yule binti alifuatana na mama yake The Pearl, akisugua vyoo vya watu wenye dirisha la kuona bahari, gari la polisi likipunguza mwendo anageuza uso. Mimi nilimwambia ukweli mwenyewe, wiki ile ile, nimekaa chini kwenye kile chumba chao cha mbao. Mama yake alinifokea mpaka jirani akagonga ukuta. Binti aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo nimetia sahihi uongo?" Nikasema ndiyo.

Bibi mdogo hakumwacha. Mwaka uliofuata alianza tena, barua moja baada ya nyingine, na safari hii nilipotumwa kopi nilikimbia kuileta. Msamaha ukapatikana, chuo kikamdhamini, binti akaingia ufamasia. Ijumaa moja akaja Muaither kunionyesha. Alivaa abaya mpya, kimkoba kidogo kinaning'inia shingoni chini ya shela.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Iko wapi hiyo bataka? Ilete niione!"

Nilikuwa nimenawa mikono kwa ajili yake. Akaitoa kwenye kimkoba, akainyoosha mbele yangu, nami nikaishika ncha moja. Yeye hakuachia ncha ya pili. Nilivuta kidogo, kwa utani, nikidhani ni mchezo. Vidole vyake vikakaza. Basi nikaisoma hivyo hivyo, sisi wawili tumeishika: picha yake asiyecheka, jina lake, jina la chuo.

"Nimeiona," nikasema, nikaachia.

Aliirudisha kwenye kimkoba, akafunga zipu, akapapasa juu ya nguo kuhakikisha imo. Kisha akanitabasamia, kwa upole kabisa.

"Usinielewe vibaya, mama mdogo," akasema. "Naogopa tu isije ikapotea."