Rozela za Mlangoni Sizing'oi

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, na leo umenirudisha pale pale ulipoingia uani na jembe begani.

Nilikuwa msichana, nimetoka kujifunza ushonaji Majengo, kichwa kimejaa maneno ya mjini. Hapa Kasokola kila mtu alikuwa anaisifia tumbaku. Mama alipokwenda misa, nikashika jembe nikang'oa rozela zake zote, mistari minne, zimeshanifika magotini. Rozela zile zile ambazo maua yake mekundu alikuwa anayakausha, tunakunywa chai, yanayobaki anauza, mimi nikapata sare ya shule. Jamani, ujinga!

Akarudi.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, mama. Tumbaku ina hela. Haya majani tu."

Nikangoja kofi. Halikuja. Alivua viatu, akachukua kisu, akakata kila shina urefu wa shibiri, akavichomeka vijiti vile kandokando ya njia ya kuingilia ndani, kimoja kimoja, mvua inamnyeshea na kitenge chake cha kanisani.

"Hapa unapita kila siku," akasema. "Ukitaka kuving'oa tena, anza kuning'oa mimi."

Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda. Vijiti vingine vilikufa, vingi vikachipua. Akanifundisha kukata ncha ili shina litoe matawi, kuchuma maua kabla hayajakomaa sana, kuyaanika kivulini. Chai ya kwanza nilimchemshia mimi, nikamwomba radhi. Alikunywa yote, akasema sukari imezidi.

Sasa na nyie mmeanza. Kaka yako tumbaku, wewe umekuja kung'oa rozela upande ufuta, halafu mnaniambia mama umepitwa na wakati. Haya, nimepitwa! Rozela hizi za mlangoni zimeota kwa mbegu za vijiti vile, na siing'oi hata moja nikiwa hai. Mashamba ya ufuta yapo, nenda kakodi.

Nisikilize basi. Kitu kilichokulea usikiguse kabla hujamuuliza aliyekipanda. Na ukishakosea, usikae unalia. Kata shina, chomeka upya.

Liweke jembe chini. Shika kopo hilo, zimwagilie hizo za mlangoni. Mungu akupe mikono inayootesha, mwanangu, na siku nitakapoondoka, atakayekuja na jembe akukute umesimama hapa, umekataa.